Kadi inasinzia, draiva inasingiziwa: kusaka matatizo ya nishati kwenye Wi-Fi ya Linux

"Fundi, mtandao unakwenda vizuri nikichomeka chaja. Nikichomoa, haipiti nusu saa Wi-Fi imekufa." Mhasibu mmoja aliniletea laptopu ya mtumba yenye Ubuntu, akanieleza hivyo, nami nikamjibu hata kabla hajakaa: hiyo ni hali ya kuokoa umeme, dawa yake mstari mmoja. Nikauandika ule mstari kwenye faili la NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, nikampa mashine yake, akaenda. Baada ya siku mbili akarudi. Hakusema kitu. Aliiweka tu mezani na kunionyesha alama ya Wi-Fi iliyopauka.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kadi ya Wi-Fi ina usingizi wa aina moja. Ina aina nne, kila aina na mwenye kuiamuru. Ndiyo maana dawa inayomponya huyu haimsaidii yule mwenye dalili zilezile.

Nani anamlaza nani

Usingizi wa kwanza ni wa redio, nao ni mapatano kati ya kadi na ruta. Kadi hutuma fremu tupu ambayo biti moja ndani yake imewekwa 1, kana kwamba inasema: nafumba macho kidogo, mizigo yangu niwekee. Ruta inaanza kuziweka pembeni pakiti za kadi hiyo, na katika kila bikoni, tangazo fupi inalorusha mara kwa mara, inawataja wenye mizigo. Kadi huamka kusikiliza bikoni. Ikitajwa inaomba mzigo wake, isipotajwa inalala tena. Kwenye ruta nyingi bikoni hutoka kila vipimo 100 vya mikrosekunde 1024, yaani kila milisekunde 102.4. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Wa pili ni usingizi wa njia. Kati ya kadi na prosesa kuna njia ya PCIe, nayo hupumzika isipopitisha kitu. Mpango huo unaitwa ASPM: L0s ni kusinzia, L1 ni kulala, na chini ya L1 kuna ngazi mbili zaidi, L1.1 na L1.2. Ukifika L1.2 hata mapigo ya saa yanayoiongoza njia yanakatwa. Hapa ruta haihusiki hata kidogo. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweka sera, kisha vyombo vyenyewe vinalala na kuamka bila kumwuliza mtu.

Wa tatu ni wa kifaa: kerneli inaishusha kadi yote kutoka hali ya D0 (macho kabisa) hadi D3 (usingizi mzito) huku wewe ukiendelea na kazi zako. Wa nne unaujua, umefunga kifuniko na mashine nzima imelala. Tena kuna programu dhibiti iliyomo ndani ya kadi, ambayo kwenye kadi fulani ina ujanja wake wa ziada wa kulala. Tutakutana nayo.

Kabla hujazima chochote

Kishawishi ni kuzima vyote kwa mpigo. Tatizo litaondoka, betri nayo itaondoka, na hutajua kamwe kilichokuwa kinakusumbua. Mimi siku hizi huchukua hali ilivyo mara mbili, mara ya kwanza chaja ikiwa imechomekwa, mara ya pili ikiwa imechomolewa:

```
lspci -nnk
iw dev
iw dev wlp2s0 get power_save
sudo lspci -vv -s 02:00.0 | grep -E 'LnkCtl|L1Sub'
cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/power/control
cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/power/runtime_status
```

Jina `wlp2s0` na anwani `02:00.0` ni za mfano; za kwako utazipata kwenye amri mbili za kwanza. Usiisahau `sudo` kwenye `lspci -vv`, maana bila hiyo sehemu unayoitafuta inafichwa. Kisha fungua terminali nyingine, uache `journalctl -kf` ikitiririka. Wengi hupenda `dmesg -T`, lakini saa zake hupotoka mashine ikishalala na kuamka, na katika kazi hii muda ndiyo ushahidi.

Dalili: herufi zinakuja kwa mafungu

SSH (terminali ya mashine ya mbali) inakwama unapoandika, simu za video zinakatakata, lakini faili kubwa linashuka kasi kama kawaida. Mara nyingi huu ni usingizi wa redio. Kaa kwenye mashine nyingine, ikiwezekana iliyochomekwa kebo kwenye ruta, uipigie ping laptopu yenye tatizo. Utaona kitu kama hiki:

```
icmp_seq=1 ttl=64 time=88.1 ms
icmp_seq=2 ttl=64 time=6.4 ms
icmp_seq=3 ttl=64 time=103 ms
icmp_seq=4 ttl=64 time=41.7 ms
```

Namba zinatawanyika kati ya chache na mia moja na kitu kwa sababu pakiti inafika kwenye ruta wakati wowote, ila lazima ingoje bikoni ijayo. Zikipanda hadi mia mbili au tatu, kadi inaruka bikoni nyingine bila kuzisikiliza. Sasa iongezee kazi: `sudo ping -i 0.02`. Kama ucheleweshaji unaporomoka hadi milisekunde mbili tatu, umeshapata jibu. Pakiti zinakuja mfululizo, kadi haipati nafasi ya kufumba macho. Mawimbi dhaifu au ruta iliyoelemewa haviponi kwa kuongezewa kazi.

Usipime kutokea ndani ya laptopu yenyewe. Kadi ikishatuma kitu, mara nyingi hubaki macho kidogo ikingoja jibu, kwa hiyo vipimo vya kutokea huko vinapendeza kuliko hali halisi.

Kuzima ni `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`, lakini amri hiyo haidumu. NetworkManager ikiunganisha upya inaweka ya kwake. Ubuntu huja na faili `default-wifi-powersave-on.conf` ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/`, lenye `wifi.powersave = 3`. Tatu ni kuwasha, mbili ni kuzima. Usilifute, tengeneza la kwako kwenye saraka hiyohiyo, jina lake lianze na `zz` ili lisomwe mwisho:

```
[connection]
wifi.powersave = 2
```

Kadi za Intel zina swichi ya ziada ndani ya moduli `iwlmvm`, iitwayo `power_scheme`: 1 ni macho muda wote, 2 ni wastani na ndiyo ya kawaida, 3 ni kubana. Na kama una Raspberry Pi isiyo na skrini inayofanya kazi ya seva, itazame logi ya `brcmfmac` kwa maneno `power save enabled`. Kifaa kilichochomekwa ukutani mwaka mzima sioni sababu ya kukiacha kilale.

Dalili: laptopu inawaona wengine, wengine hawaioni

Hii huwachanganya hata mafundi wazoefu. Laptopu inafungua kurasa vizuri, ila mwenzako akitaka kuchukua faili kwako anaambiwa mashine haipo. Ukifungua ukurasa wowote, ghafla anaiona. Baada ya dakika chache imepotea tena.

Pakiti ya mtu mmoja huwekewa akiba hadi mwenyewe aiombe. Tangazo la wote haliwekewi hivyo. Ruta hukusanya matangazo na kuyamwaga mara tu baada ya bikoni maalumu iitwayo DTIM, na kadi iliyokuwa imelala saa hiyo imeyakosa, hayarudiwi. Wa kwanza kuumia ni ARP, maana swali la "nani mwenye 192.168.1.23?" hupigwa kama tangazo. Laptopu haikusikia, haikujibu, mwulizaji anahitimisha kwamba haipo.

Kwenye mashine ya mwulizaji, `ip neigh` itaonyesha `FAILED` au `INCOMPLETE`. Kwenye laptopu, `sudo tcpdump -p -ni wlp2s0 arp` itakaa kimya wakati mwenzako anauliza. Zima `power_save`, muulize tena. Maswali yakianza kuonekana, ni usingizi. Yasipoonekana, geukia ruta: mitandao ya wageni mara nyingi imewekwa ili wateja wasionane, na hilo halina uhusiano na draiva yako. Na kama matangazo yanapotea kila baada ya muda uleule, shuku ubadilishaji wa ufunguo wa kundi, yaani ule unaosimba matangazo ya wote.

Dalili: kadi inakata roho na logi imejaa 0xffffffff

Ndipo tunaporudi kwa mhasibu wangu. Safari ya pili niliiacha mashine kwenye betri, `journalctl` ikiwa wazi, nikaendelea na kazi nyingine. Kama dakika ishirini hivi, logi ikamwaga mistari ya kushindwa kusoma, kila rejista (kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya kadi) ikiwa na jibu moja: `0xffffffff`.

Hiyo siyo thamani, ni ukimya. Prosesa ikisoma rejista ya kifaa cha PCIe kisichojibu, hurudishiwa biti zote zikiwa 1. Kila draiva ina namna yake ya kuulalamikia ukimya huo. Ya Intel huandika `Timeout waiting for hardware access (CSR_GP_CNTRL 0xffffffff)`. Kerneli yenyewe inaweza kusema `Unable to change power state from D3cold to D0, device inaccessible`. Namba hasi zinazofuatana nazo zina maana yake: -110 ni muda umekwisha bila jibu, -19 ni kifaa hakipo, -5 ni kushindwa kusoma au kuandika. Ukiona hayo, achana na `power_save` ya redio. Kadi inayolala kwa mapatano na ruta bado inajibu maswali ya prosesa. Hapa ni njia iliyolala ikashindwa kuamka.

Nikalinganisha matokeo ya `lspci`. Mstari wa kwanza ni wa chaja, wa pili ni wa betri:

```
L1SubCtl1: PCI-PM_L1.2- PCI-PM_L1.1- ASPM_L1.2- ASPM_L1.1-
L1SubCtl1: PCI-PM_L1.2+ PCI-PM_L1.1+ ASPM_L1.2+ ASPM_L1.1+
```

Alama za kutoa zimegeuka kujumlisha. Kerneli haifanyi hivyo yenyewe kwa sababu tu umechomoa chaja; lazima kuna programu iliyoiagiza. Kwenye `/etc/tlp.conf`, faili la TLP, programu ya kuokoa betri, nikaukuta mstari `PCIE_ASPM_ON_BAT=powersupersave`. Nadhani aliyeiuza laptopu aliuweka ili betri kuukuu ionekane inadumu.

Hata hapo sikufuta mstari nikasema nimemaliza. Tangu kerneli 5.5 unaweza kuzima ngazi moja ya usingizi kwa kifaa kimoja bila kugusa vingine:

```
echo 0 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/link/l1_2_aspm
```

Kwa L1.2 iliyozimwa, Wi-Fi ilikaa hai kwenye betri mchana kutwa. Nikaandika 1 mahali pa 0: haikufika nusu saa, ikafa. Nikarudisha 0, ikadumu tena. Jaribio la kurudisha ugonjwa ndilo mafundi wengi hulikimbia, kwa kuwa mteja anangoja na mashine tayari inafanya kazi. Ningelifanya mara ya kwanza, asingepoteza nauli ya kurudi. L1 ya kawaida niliiacha ikiwa imewashwa, na kwenye TLP nikaweka `PCIE_ASPM_ON_BAT=default`.

Kuna tiba inayosambaa sana, ya kuongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Jina lake linadanganya. Inaiambia kerneli isiguse mipangilio ya ASPM, iiache jinsi BIOS ilivyoiweka. Kama BIOS imewasha L1, L1 inabaki, na wewe umebaki unashangaa. Anayetaka kuizima kweli atumie `pcie_aspm.policy=performance`, kisha ahakikishe kwa `lspci`.

Kadi za Realtek zinazotumia draiva ya rtw88, kama RTL8822CE, zina mshukiwa wa pili. Ujumbe `firmware failed to leave lps state` unamaanisha programu dhibiti ya kadi iliingia kwenye usingizi wake mzito, ikaitwa, haikutoka. Draiva inatoa swichi kwa kila mmoja:

```
options rtw88_core disable_lps_deep=Y
options rtw88_pci disable_aspm=Y
```

Weka mmoja ndani ya `/etc/modprobe.d/`, jaribu siku nzima, ndipo ujaribu mwingine. Majina ya moduli yamebadilika kati ya kerneli na kerneli, kwa hiyo tazama `lsmod | grep rtw` na `modinfo -p` kabla ya kunakili.

Vipi usingizi wa tatu, ule wa D3? Watu wakiona `power/control` imeandikwa `auto` hupaniki. Tazama `runtime_status` kwanza. Kwa vifaa vya PCI, draiva lazima iruhusu yenyewe ndipo kerneli iishushe kadi. Isiporuhusu, `auto` ni maandishi tu. Kama hali inasoma `active` kila unapotazama, hata kadi ikiwa haina kazi, mfute mshukiwa huyo kwenye orodha.

Dalili: laptopu imeamka, kadi haijaamka

Usifungue na kufunga kifuniko mara thelathini. Iache mashine ijilaze na kujiamsha:

```
for i in $(seq 20); do
  sudo rtcwake -m mem -s 20
  sleep 15
  ping -c1 -W2 192.168.1.1 || echo "imekufa duru $i"
done
```

Ukijua inakufa duru ya ngapi, una kipimo. Kisha tenganisha draiva na BIOS. Kama kerneli yako imejengwa na uwezo wa `pm_test`, andika `devices` ndani ya `/sys/power/pm_test`, halafu `mem` ndani ya `/sys/power/state`. Mashine italaza vifaa vyote, isubiri sekunde tano, ivifufue, bila kulala yenyewe. Kadi ikifa hapo, kosa liko kwenye njia ya draiva ya kulala na kuamka. Ikipona hapo lakini ikafa kwenye usingizi kamili, mkono wa BIOS au umeme wa ubao unahusika, na hapo inafaa kujaribu sasisho la BIOS, au kubadilisha kati ya `s2idle` na `deep` kwenye `/sys/power/mem_sleep` kama zote zipo. Ukimaliza rudisha `none` kwenye `pm_test`, la sivyo kesho utashangaa kwa nini laptopu hailali.

Kufufua kadi bila kuwasha mashine upya, kwanza jaribu kuondoa moduli na kuirudisha kwa `modprobe`. Ikigoma, ing'oe kwenye njia na uisake tena:

```
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/remove
echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan
```

Hiyo ni plasta, lakini mtu mwenye kikao saa nne asubuhi anaihitaji.

Kwa adapta za USB habari ni fupi. Linux kwa kawaida huweka sekunde 2 za kutotumika kabla ya kukilaza kifaa cha USB kilichoruhusiwa kulala. Andika `on` kwenye `power/control` ya kifaa hicho ndani ya `/sys/bus/usb/devices/`. Kama bado inakatika, badilisha tundu au kebo kabla ya kuilaumu draiva; adapta yenye antena kubwa kwenye kigawanya USB kisicho na umeme wake hukatika kwa njaa tu.

Wanaosingiziwa

Laptopu kadhaa zenye kadi ya RTL8723BE zina antena moja, iliyochomekwa kwenye tundu ambalo draiva hailitazamii. Mawimbi yanaonekana hafifu hadi ukae karibu na ruta, na watu wanazima usingizi wa kila aina bila mafanikio. Dawa yake ni `ant_sel=1` au `ant_sel=2`, haihusiani na nishati.

Mashine yenye Windows na Linux pamoja: kama kuanza kwa haraka kwa Windows kumewashwa, Windows haizimi kweli, na kadi inaachwa katika hali ambayo Linux haiwezi kuianzisha. Zima kipengele hicho kabla ya kusoma mstari mmoja wa logi.

Na hotspoti ya simu. Laptopu ikilala, simu inaona hakuna aliyeunganishwa, inajizimia hotspoti ili kulinda betri yake. Laptopu inaamka, mtandao haupo, na lawama zote kwa draiva.

Kwa anayefungua msimbo

Makosa ya draiva zenyewe hurudia sura zilezile. La kwanza ni kushughulikia ishara za kukatiza kadi ikiwa imelala: draiva inasoma rejista ya hali, inapata `0xffffffff`, inaamini kwamba kila tukio limetokea kwa wakati mmoja, na inaanza kuyahudumia yote. Jibu hilo lazima lichujwe kabla ya kuangalia biti yoyote.

La pili ni hesabu. `pm_runtime_get_sync` huongeza idadi ya wanaoitumia kadi hata pale inaposhindwa kuiamsha. Mwandishi akirudi na kosa bila kupunguza idadi, kadi haitalala tena. Dalili yake ni betri inayoisha mapema, mtandao ukiwa mzima kabisa, kwa hiyo hakuna anayelalamikia Wi-Fi. Kuanzia kerneli 5.10 kuna `pm_runtime_resume_and_get`, ambayo hujisafisha ikishindwa.

La tatu ni kazi zilizopangwa kufanyika baadaye. Kipima muda cha kukagua afya ya kadi kisiposimamishwa kwa `cancel_delayed_work_sync` kabla ya kulala, kitalia kadi ikiwa D3, kitaikuta kimya, kitaamua imekufa na kuanza kuianzisha upya katikati ya usingizi. Ukiona kwenye logi kuanzishwa upya kunakotangulia ujumbe wa kuamka, mtafute huyu.

Kuyaona haya kwa macho, rekodi `trace-cmd record -e rpm -e mac80211`, kisha weka muda wa tukio la mwisho la kuamka kando ya muda wa rejista ya kwanza iliyosomwa. Ikiwa kusoma kumetangulia kuamka, umeshika mstari wenye kosa. Na kama kerneli ya zamani ilikuwa haina shida, `git bisect`, inayogawa mabadiliko ya msimbo nusu kwa nusu, pamoja na ile duru ya `rtcwake` itakufikisha kwenye badiliko lenyewe, mradi duru zako ziwe nyingi kuliko zile ambazo kadi huhitaji ili ife.